Aliyetia Magadi

Msimamizi wangu aliinua kopo la kioo hadi usawa wa dirisha, akaliinamisha, akaitazama jeli yangu ikiteremka. "Hii ni kamasi," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. Akaimwaga kwenye sinki, akafungua bomba, akaenda kunywa chai. Wenzangu maabarani waliinama kwenye kazi zao ili nisiwaone wakicheka. Mmoja hakujisumbua kuinama.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya uzamivu, na nilikuwa mtu mzima wa kutosha kuona haya. Nilikuwa nimeacha kufundisha kemia katika sekondari moja ya Tabora mjini, nikaagwa kwa pilau, nikaombewa kanisani kijijini kwetu upande wa Sikonge, na kila aliyenishika mkono aliniita daktari kabla ya wakati. Sikuwa na njia ya kurudi bila shahada ile. Naliweka hili mapema ili ijulikane nilikuwa nalinda nini, maana mabaya yote niliyoyafanya baadaye yalitoka hapo, na sitaki mtu anitafutie sababu nyingine nzuri zaidi.

Kazi yenyewe niliichagua kwa majivuno. Hidrojeli ni kitu kinachokunywa maji, kikavimba, kikayashikilia bila kuyeyuka. Ukifungia dawa ndani yake, dawa haitoki yote kwa mkupuo. Inatoka kidogo kidogo, saa baada ya saa, na mgonjwa wa kisukari anayemeza kidonge asubuhi, mchana na jioni anaweza kumeza kimoja tu akaendelea na shughuli zake. Jeli za namna hiyo hutengenezwa kwa malighafi za kuagiza nje. Mimi nilisema nitaitengeneza kwa mlenda. Nilikuwa nimekula mlenda tangu nilipoota meno, nilijua ute wake unavyolifuata tonge hadi kidevuni, na niliona kwamba kitu kinachong'ang'ania namna ile kinaweza kuing'ang'ania dawa pia. Pendekezo lilipita. Msimamizi alisema sisi Wanyamwezi tulizoea kubeba pembe za ndovu za watu hadi pwani, na sasa mmoja wetu ameamua kubeba mboga. Ulikuwa utani, na mtu hakasirikii utani, kwa hiyo nilikasirika kimyakimya.

Jeli za mwanzo nilizitengeneza kwa majani ya soko la jirani na chuo, na zilikuwa kamasi kweli. Ukizitia katika asidi yenye ukali wa tumbo la binadamu, zilitawanyika kabla ya saa moja kwisha, dawa yote ikamwagika. Ndipo nikampigia mama simu.

"Nataka mlenda wa unga, mama. Mwingi."

"Mna wageni?"

"Ni wa chuoni."

"Aa. Mnawapikia walimu."

Hapo ndipo nilipopaswa kumweleza. Mama aliishia darasa la nne, lakini hakuwa mjinga. Alijua kukausha tumbaku banini, kile kibanda cha kukaushia, kwa moto wa siku kadhaa bila kipimajoto, akigusa tu ukuta kwa mgongo wa mkono. Ningekaa naye robo saa angenielewa. Lakini nilikuwa kwenye foleni ya mashine, na zaidi ya foleni, nilikuwa nimekwisha kuamua zamani kwamba mambo yangu si ya kuelezwa mama.

"Ndiyo," nikasema. "Tunawapikia."

Kifurushi kilifika kwa basi baada ya wiki mbili, gunia dogo lililoshonwa kwa uzi wa katani. Mama alikuwa amelipandisha bodaboda hadi Sikonge, akapanda gari nalo hadi Tabora, akalikabidhi kwa kondakta mkononi kwa sababu hakuwaamini watu wa ofisi. Unga ulikuwa laini, wa kijani kilichofifia. Niliutengenezea jeli, nikaanza kuipima asubuhi, nikichota sampuli kila nusu saa. Mchana ilikuwa nzima. Jioni, wafanya usafi walipokuja kufunga madirisha, jeli ilikuwa bado imekaa ndani ya asidi yake, imevimba, inaachia dawa taratibu kama ilivyotakiwa. Nilicheka peke yangu.

Sababu niliijua palepale, au nilidhani naijua: udongo wa kwetu. Niliona raha kuiandika. Mlenda wa Sikonge si mlenda wa sokoni. Msimamizi akaacha kuniita mbeba mboga, akaanza kuwaleta wageni kwenye meza yangu, na alipokuwa na furaha aliniita Bwana Mlenda. Tukachapisha makala. Mama akatuma gunia la pili, la tatu, la nne. Kila alipotuma aliuliza kama walimu wameridhika, nami nilimwambia wameridhika.

Dalili zilikuwepo na niliziona zote. Nilipouchoma unga tanuruni, majivu yaliyobaki yalikuwa mengi mno kuliko vitabu vinavyosema kuhusu jani lolote. Nikaandika kwamba ni chumvichumvi za udongo. Udongo wa kwetu ni mchanga uliochoka. Mkulima yeyote wa tumbaku atakwambia hauzai kitu bila mbolea, na mimi mwenyewe nimeubebea mbolea hiyo kichwani nikiwa shule ya msingi. Lakini sasa nilikuwa mtafiti, na niliona nina haki ya kusahau.

Tena nilikuwa mwanamume wa kwetu. Mlenda wa mama nimeula maisha yangu yote na sikuwahi kusimama karibu na kinu kutazama unavyoandaliwa. Kwetu mtoto wa kiume akishapevuka, akiingia jikoni anaulizwa amepoteza nini. Nilikuwa bingwa wa mlenda, nimechapisha juu yake, na sikujua kitu ambacho msichana yeyote wa Bukene, mkoani kwetu, anakijua.

Msichana wa Bukene alikuja mwaka wa tatu. Alikuwa mwanafunzi wa uzamili, mpole, mwenye daftari safi mno, na alipewa kazi ya kurudia majaribio yangu kwa mlenda wa maeneo mengine ili tulinganishe. Jeli zake zote zilikuwa kamasi. Akarudia, akapata kamasi. Msimamizi akaanza kumtazama vile alivyonitazama mimi zamani, na siwezi kusema nilimwonea huruma. Niliona vizuri kwamba zamu yangu imekwisha na sasa ni yake.

Siku moja nilimkuta amefungua gunia langu. Alikuwa amechovya ncha ya kidole kwenye unga, ameiweka ulimini.

"Kaka," akasema, "huu wa kwenu umetiwa magadi."

Kulikuwa na watu wengine ndani. "Hapa ni maabara," nikamwambia. "Hatuonji."

"Najua, kaka, samahani. Ila ni magadi. Nyumbani tunatia ili uvutike. Ndiyo maana wangu haushiki."

"Ulikuja kusoma kemia au upishi?"

Walicheka, safari hii bila kuinama. Naye alitabasamu kidogo kama mtu anayeomba kuachwa, akafunga gunia vizuri, akarudi mezani kwake. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa msimamizi, nikamwambia yule binti anaonja kemikali, ni hatari kwake na kwetu, na majaribio yake hayaaminiki. Sikusema uongo hata neno moja, kwa maana kuonja alionja kweli. Wiki iliyofuata alihamishiwa kwenye kazi ya kupima maji ya visima katika maabara nyingine, akaanza upya, akapoteza mwaka mzima.

Kumfukuza hakukunisaidia. Neno lake lilikaa nami kila nilipolitazama lile gunia, na nililikwepa wiki mbili nzima. Kisha siku moja, watu wakiwa kwenye chakula cha mchana, nilitia unga kidogo kwenye kisahani, nikaudondoshea asidi. Ulichemka. Mapovu yalipanda, yakapasuka, yakapanda tena. Jaribio lile nilikuwa nalifundisha vijana wa sekondari: ukiona mapovu, kuna kabonati. Kwa muda wote ule asidi yangu ilikuwa imekutana na jeli iliyokwisha kuoshwa na kukaushwa, haijawahi kukutana na unga wenyewe. Magadi yalikuwa yameubadilisha ute kabla haujanifikia, kisha mimi nikayaosha na kuuandikia ulimwengu kwamba sikuubadilisha ute kwa chochote.

Kilichoanguka siku ile ni kila kitu: makala, sura tatu za tasnifu, na shahada. Nikapanda basi.

Sikumbuki safari zaidi ya hasira. Tulipita Igunga, mpunga umekwisha kuvunwa, wachunga ng'ombe wamejaa barabarani, na mimi nikipanga maneno. Nilikuwa na saa nyingi za kuyapanga vizuri zaidi, wala sikufanya hivyo. Nililala Tabora, na asubuhi nikashika gari la Sikonge.

Nilifika nyumbani saa nne, bila taarifa. Mama alikuwa uani na wanawake watatu wa kwaya yake. Mmoja alikuwa kinuni, wawili wakichekecha, mama mwenyewe ameketi kigodani na bakuli mapajani. Waliponiona walipiga vigelegele. Mmoja wao akasema nimekuja wakati mzuri, walikuwa wanawaandalia walimu wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona hukusema unakuja?"

"Hayo ni nini?"

Akatazama bakuli. "Magadi."

"Unayatia kwenye unga unaonitumia?"

"Natia kabla sijashona gunia. Unga wa safari sharti utiwe huku huku. Mpishi wenu huko akisahau, walimu watasema mlenda wa kwetu hauvutiki."

"Tangu lini?"

"Tangu gunia la kwanza." Aliniambia kwa fahari, akanionyesha kiganja. "Kimoja, kwa kila bakuli kubwa. Sijakosea hata mara moja."

Ndipo nilipomweleza. Ile robo saa niliyomnyima kwenye simu niliipata sasa, mbele ya watu. Nilimwambia hakuna mpishi wala mwalimu hata mmoja aliyekula mlenda wake. Nilimwambia ni kazi ya dawa, inapimwa kwa mashine, na yeye ametia uchafu. Miaka mitatu yangu ameitia uchafu kwa kiganja chake. "Umenifelisha, mama," nikasema. "Wengine wanafelishwa na wachawi, mimi nimefelishwa na wewe." Kisha nikalichukua bakuli mapajani mwake nikalimwaga chini, na unga uliokwisha kuchekechwa nikaumwagia kuku. Kuku walikuja mbio, wakaugusa, wakaondoka.

Wale wanawake hawakujua waangalie wapi. Walikuwa wameacha mashamba yao kuja kutwanga. Mama alinyanyuka, akapiga goti, jambo ambalo mama hamfanyii mwanawe.

"Nisamehe, baba. Sikujua."

Aliniomba radhi kwa kosa langu, nami nilimwacha aombe. Nakumbuka hata nilijisikia nafuu kidogo, kwa kuwa sasa kosa lilikuwa na mwenyewe na hakuwa mimi.

Mchana alinipakulia ugali na mlenda. Haukuwa na magadi. Yalikuwa majani ya kuchemsha tu, hayashiki tonge, na alikaa pembeni akinitazama mkono. Nilikula, nikanawa. Tangu siku ile hakutia magadi tena kwenye chakula changu, na baadaye dada yangu aliniambia hatii hata kwenye chakula chake.

Niliporudi chuoni nilimweleza msimamizi nusu ya ukweli. Nilisema nimegundua kwamba utayarishaji wa kienyeji una athari fulani na nataka kuuchunguza. Aliguna, akanipa miezi minane. Nikanunua majani safi, nikanunua magadi, nikayapima kwa mizani inayosoma hata uzito wa vumbi. Nilijaribu kiasi kidogo, kiasi kikubwa na vyote vya katikati. Jeli iliyotoka ilishinda ya kwanza kwa uzuri, na sasa nilijua kwa nini: magadi yanauvua ute sehemu fulani za molekuli zake, nyuzi zinapata mahali pa kushikana, jeli inakaza, dawa inabaki ndani. Haukuwa uchafu. Ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Na kiasi bora kuliko vyote, baada ya miezi ya kupima, kilikaribia sana kiganja kimoja kwa bakuli kubwa.

Siku niliyoliona hilo kwenye jedwali sikufurahi. Nilichukia. Nilimchukia mama kwa kuwa sahihi kabla yangu bila hata kujua kwamba kuna swali. Ningeweza kumpigia simu. Maneno yasingezidi mawili matatu: mama, magadi yako yameniokoa. Lakini ningelazimika kusema na yale mengine, ya bakuli na kuku na goti, na hayo sikuwa tayari. Alipopiga yeye, aliuliza kwa sauti ya chini, "Masomo yanapona?" Nikamjibu yanapona. Akasema anaomba kila Jumapili, na sikumwuliza anaomba nini.

Katika tasnifu niliandika kwamba mtafiti alibuni njia ya kuutibu ute kwa magadi. Niliiandika sentensi hiyo mara moja, sikuifuta wala kuirudia kuisoma.

Utetezi ulikuwa wa wazi, katika ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki. Dada yangu ndiye aliyemleta mama, mimi sikumwalika. Alivaa sare ya kwaya, kwa kuwa ndiyo nguo yake nzuri, akakaa mstari wa pili na mikono imefungana mapajani. Nyuma kabisa, karibu na mlango, nikamwona yule binti wa Bukene. Kila kitu kilikwenda kwa Kiingereza. Mama hakujua Kiingereza, lakini alimtazama kila aliyezungumza usoni, kama anavyomtazama mhubiri mgeni.

Mtahini wa nje alikuwa mzee mwenye upole wa watu wasio na haja ya kukutisha. Alisifu sura ya magadi. Alisema amesoma tasnifu nyingi za jeli na hajaona hatua nyepesi kiasi hicho, nafuu kiasi hicho, inayofanya kazi kubwa kiasi hicho. Alilitamka neno lenyewe kwa Kiswahili, magadi, mara nyingi, kwa sababu mimi ndivyo nilivyoliandika. Kisha akavua miwani akauliza wazo lile lilitoka kwa nani.

Nilimwona mama ameinua kichwa. Kwa muda wote wa saa mbili, magadi ndilo neno pekee alilolielewa.

"Kwangu," nikajibu. "Nililipata katika kusoma."

Mlango wa nyuma ulifunguka, ukafungwa taratibu. Msimamizi wangu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nusu saa baadaye nilikuwa daktari.

Nje barazani watu walinipa mikono, wakapiga picha. Binti wa Bukene alikuwa amesimama na mama, amemshika mikono miwili kama anavyoshikwa mkubwa, na niliwaendea haraka kuliko inavyofaa. Nilimsikia akisema, "Mama, mlenda wako ni mzuri sana." Kisha akanipongeza, akaniita daktari, akaenda zake. Mama alingoja hadi yule binti alipofika mbali.

"Nilisikia wanataja magadi."

"Ndiyo, mama."

"Yule mzee. Alikuwa anauliza nani aliyaweka?"

"Ndiyo."

"Ukamwambia nini?"

Ningeweza kusema lolote. "Nilimwambia ni mimi."

Alifunika mdomo kwa upande wa kitenge. Mabega yalitikisika, nikadhani ameelewa, na kwa kweli nilitamani awe ameelewa. Kisha akanishika mkono akaubusu.

"Mungu akubariki, baba. Watu wote wale, na hukunitaja."

Jumapili ya pili baada ya hapo nilikuwa kijijini. Mama aliomba nafasi ya kutoa shukrani, akasimama mbele ya kanisa na ile sare yake. Akaeleza yote, wala hakujificha: jinsi alivyoharibu masomo ya mwanawe kwa ujinga wake, jinsi mwanawe alivyokasirika kwa haki, na jinsi siku ya siku, mbele ya maprofesa, mwanawe alivyolichukua kosa la mama yake akasema ni lake. Sauti ilimkatika hapo, kwaya ikamsaidia kwa wimbo. Watu walipiga makofi. Mchungaji akaniomba nisimame, ili vijana wamwone mtoto anayemsitiri mzazi wake. Nilisimama.